Tuhesabu Pamoja: Wenyeji na Wakimbizi Katika Matete ya Ziwa



Katika somo hili tunazungumza juu ya kazi ambayo wengine wenu mtaiona kuwa ya ajabu: kuhesabu ndege, viboko, vyura na viumbe wengine wa kinamasi kilicho kando ya mji. Siku ya kwanza tulipoieleza kazi hii mbele ya baraza, mama mmoja aliyekimbia kutoka milimani alisimama akatuuliza kama tunajua kwamba watoto wake hawajahesabiwa kwenye orodha ya chakula. Sasa sisi tunataka yeye ahesabu ndege? Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Swali lake lilikuwa la haki, na siku ile hatukulijibu vizuri. Baadaye yeye mwenyewe alikuwa mwandishi wa kundi la pili, na mengi tunayoandika hapa tulijifunza kwake.

Jambo lenyewe lilitokea katika mji mmoja kando ya Ziwa Tanganyika. Hatutaji mtaa wala majina, kwa ajili ya usalama wa wale waliofanya kazi hii.

Ugomvi ulianzaje

Wengi wenu mnakumbuka jinsi maji yalivyotutesa katika miaka hii. Mafuriko ya Aprili 2020 yalibomoa maelfu ya nyumba huko Uvira. Kisha ziwa lenyewe likapanda, likameza nyumba, mashamba na barabara za pwani, upande wa Kongo na upande wa Burundi pia. Waliokuwa wakaaji wa kando ya maji wakawa wakimbizi ndani ya mji wao. Juu yao wakaja waliokimbia vita vya milimani. Wote walijikuta wakitazama ukanda mmoja mwembamba wa matete na mafunjo.

Matete ni mali. Yanajenga ukuta na uzio, yanafunika paa pale ambapo plastiki ya msaada imepasuka, yanafumwa kuwa mikeka na vitanga vya kuanikia ndagala. Yakikauka yanawasha moto. Mama mwenye watoto watano na bila shamba anaweza kukata matita mawili asubuhi na kununua unga jioni. Kwa hiyo alipoambiwa na vijana wa mtaa kwamba haruhusiwi tena kukata, alisikia kama ameambiwa asile.

Wenyeji nao walikuwa na maneno yao. Walisema kwamba tangu wakimbizi wafike samaki wadogo wamekwisha, ndege wamehama, na viboko wanapanda hadi kwenye bustani kwa sababu wamenyang'anywa malisho. Wakimbizi walijibu kwamba wenyeji ndio wanaochoma matete ili wapande lengalenga na vitunguu. Siku moja tita la matete lilinyang'anywa njiani, panga likainuliwa, kijana akakatwa mkono. Kijana alipona, lakini kuanzia hapo akina mama walienda majini kwa kundi tu, na wavuvi waliweka walinzi.

Tulipoitwa kwenye baraza tuliona jambo moja. Kila mtu alisema viumbe wamepungua, na kila mtu alijua ni kosa la nani. Lakini tulipouliza ni ndege gani waliopungua, wangapi, upande gani na tangu lini, hakuna aliyejibu. Mzee mmoja mvuvi tu ndiye alisema kwa unyenyekevu kwamba hakumbuki. Kazi yetu ilianzia hapo, kwa huyo aliyekubali kwamba hajui.

Kinamasi kinafanya kazi gani

Kabla ya kuhesabu, makundi yote mawili yalikaa siku nzima kujifunza kinamasi ni kitu gani. Wengi wetu tumezoea kukiona kama mahali pa mbu na takataka. Lakini matete ya kando ya ziwa ni kitalu cha samaki: wadogo wanajificha kati ya mashina, mahali ambapo samaki wakubwa hawawezi kupita. Mizizi inashika udongo unaoletwa na mito, na mawimbi yanavunjikia kwenye matete kabla hayajafika kwenye nyumba. Tena matete na mafunjo yanachuja uchafu wa maji.

Tuliwapa mfano wa Kampala. Kati ya mji huo na Ziwa Victoria kuna kinamasi kinachoitwa Nakivubo, na maji machafu ya mji hupitia humo. Si mbali na hapo, kwenye ghuba hiyohiyo, mitambo ya Ggaba huvuta maji ambayo wakaaji wa mji huyanywa. Mwaka 1999 wataalamu walipiga hesabu ya gharama ambayo mji ungelipa kama kazi ya kusafisha inayofanywa na kinamasi ingefanywa kwa njia nyingine. Walipata kati ya dola milioni 1 na dola milioni 1.75 kwa mwaka. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kinamasi hicho iliendelea kulimwa magimbi na miwa, au kujazwa udongo na kujengwa. Waliokuwa wakilima wengi walikuwa maskini wa mji wasio na shamba lingine, na hilo wasikilizaji wetu walilielewa haraka kuliko hesabu ya dola.

Sisi tunaoishi mahali ambapo kipindupindu kinarudi kila mara tunajua thamani ya maji. Lakini thamani hiyo haionekani kwa macho. Ndege na vyura wanaonekana na wanasikika, na ndiyo sababu wanahesabiwa: pale wanapotoweka, mara nyingi maji au matete yamekwisha kuharibika. Kuwahesabu ni njia ya bei nafuu ya kupima afya ya mahali.

Tena si kazi ya wataalamu peke yao. Tangu 1967 watu wa kujitolea katika nchi nyingi wanatoka kila Januari kuhesabu ndege wa majini, na Afrika imo katika kazi hiyo tangu miaka ya 1990. Januari ilichaguliwa kwa sababu ndege wanaozaliana Ulaya na Asia wanakuwa wamehamia huku kwetu wakikimbia baridi. Kwenye ghuba ya Lutembe, kati ya Kampala na Entebbe, hukusanyika makundi makubwa sana ya buabua mabawa-meupe, ndege mdogo wa majini wa jamaa ya shakwe. Kwa sababu watu waliwahesabu mwaka baada ya mwaka, ghuba hiyo iliandikwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya kimataifa ya vinamasi vyenye maana kwa dunia nzima. Kongo nayo ni mwanachama wa mkataba huo tangu 1996. Na kule Dunga, kijiji cha wavuvi kilicho pembeni ya mji wa Kisumu nchini Kenya, vijana wa mahali walijifunza kuwatambua ndege wasioishi popote ila ndani ya mafunjo, na baadaye wakawa wanawaongoza wageni wanaokuja kuwaona. Mafunjo hayohayo ndiyo wenzao wanakata kutengenezea viti na mikeka, basi mjadala wa kukata au kutokata haukuanzia kwetu.

Usalama kwanza

Hapa tunaomba msome polepole, hasa ninyi viongozi. Miongozo mingi ya kuhesabu wanyama imeandikwa na watu wanaoishi mahali pa amani. Inasema chukua darubini, ramani na kitabu, nenda alfajiri. Katika nchi yetu mtu aliyesimama kando ya maji alfajiri, ana darubini na anaandika, anaweza kukamatwa kama mpelelezi. Anaweza hata kupigwa risasi.

Kwa hiyo wiki mbili za kwanza hatukuhesabu kitu. Tulikwenda kwa shefu wa mtaa, kwa viongozi wa kimila, kwa wanamaji wanaolinda ziwa, kwa polisi, kwa chama cha wavuvi na kwa kamati ya wakimbizi. Kila mmoja alipewa barua moja yenye maneno yaleyale: tutapita wapi, siku gani, saa ngapi, ni akina nani. Darubini tuliacha kabisa kwa miezi ya kwanza. Macho yalitosha kwa ndege wakubwa, na wadogo tuliwasikiliza. Simu zilibaki mfukoni. Picha haikupigwa hata moja bila ruhusa, na hakuna aliyeandika kitu kuhusu askari, vizuizi au mitumbwi ya doria. Asubuhi yoyote ambayo milio ya bunduki ilisikika usiku wake, hatukutoka.

Kuna hatari nyingine zisizo za bunduki. Msiguse chuma chochote msichokifahamu kilicho ndani ya matope. Wekeni alama mbali nacho, rudini kwa njia mliyojia, na mpeleke habari. Msiguse ndege au mnyama aliyekufa, wala msimpeleke nyumbani kwa mboga. Mkikuta ndege wengi wamekufa pamoja, andikeni na mwambie ofisi ya mifugo. Msiingie majini bila sababu, kwa maana kichocho kipo kwenye kingo za ziwa letu. Na kiboko: msisimame kamwe kati yake na maji, wala kwenye njia aliyoikanyaga. Mkikuta njia yake pana yenye alama za vidole vinne, pimeni upana wake kwa macho mkiwa pembeni, kisha mwondoke.

Nani ahesabu

Tulifanya kosa mwanzoni. Tuliunda kundi la wenyeji na kundi la wakimbizi, kila moja upande wake, tukidhani tunaepusha ugomvi. Wiki ya pili makundi hayo yalihesabu viboko wa mahali pamoja, asubuhi moja, kutoka kingo mbili. Wenyeji waliandika viboko wanne. Wakimbizi waliandika saba.

Msingefikiri kwamba watu wanaweza kugombana kwa ajili ya viboko watatu. Wenyeji walisema wakimbizi wameongeza hesabu ili ionekane kwamba wanyama wapo tele na matete yaendelee kukatwa. Wakimbizi walisema wenyeji wanaficha. Jioni ile tulidhani kazi imekufa.

Yule mzee mvuvi ndiye aliyeiokoa. Aliwachukua watu watatu wa kila upande, akawakalisha kwenye kilima kidogo mbali na maji, akawaambia watazame bila kusema. Kiboko anaweza kukaa chini ya maji dakika tatu, hata tano, kisha akaibuka mahali pengine. Anayehesabu kila kichwa kinachoibuka atamhesabu mmoja mara mbili au tatu. Anayetazama kidogo na kuondoka atawakosa walio chini. Ni lazima kukaa angalau dakika ishirini na kuandika idadi kubwa zaidi iliyoonekana kwa wakati mmoja. Walikaa hivyo, wote sita, wakapata watano. Pande zote mbili zilikuwa zimekosea, na hakuna aliyekuwa amedanganya.

Baada ya siku ile tulivunja makundi yale. Kila kundi jipya lilikuwa na watu wanne: wenyeji wawili, wakimbizi wawili, na kati yao angalau mama mmoja. Mmoja anatazama na kutaja, wa pili anaandika, wa tatu anashika saa, wa nne anatazama nyuma kwa ajili ya usalama. Wanabadilishana kazi kila wiki. Anayeandika ni lazima asome kwa sauti alichoandika kabla ya kuondoka mahali pale, na wote wanne wakubali. Wakikosa kukubaliana wanaandika "hatukukubaliana" pamoja na hesabu zote mbili. Sharti hili dogo lilitufaa kuliko hotuba nyingi tulizowahi kutoa juu ya kuaminiana.

Je, katika mtaa wenu, ni kazi gani ambayo wenyeji na wakimbizi wanafanya kila kundi peke yake kwa kusudi la kuepusha ugomvi? Zungumzeni: inaepusha kweli, au inaficha?

Jinsi ya kuhesabu

Chagueni njia moja fupi inayoweza kutembewa kwa saa mbili, na msiibadilishe. Sisi tulikuwa na njia mbili: moja kando ya matete yaliyokatwa, nyingine kando ya bustani zilizochomwa. Anzeni asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na saa moja, kabla jua halijawa kali, kwa maana ndege wanatulia mchana na hutawasikia. Rudieni siku ileile ya wiki. Mkienda leo alfajiri na wiki ijayo adhuhuri, mtadhani ndege wamepungua, kumbe ni saa iliyobadilika.

Juu ya ukurasa andikeni tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, jina la njia, hali ya hewa na mahali maji yalipofika. Tulipigilia nguzo yenye alama ili kila kundi lisome kimo cha maji kwa namna moja. Kisha andikeni mlichoona na mlichosikia, kila kimoja mahali pake. Msichanganye. Ndege wa ndani ya matete mara nyingi haonekani kabisa. Simameni, mnyamaze dakika kumi, mwandike sauti, kisha mwendelee hatua mia mbili na kusimama tena.

Kundi kubwa la ndege lisiwatishe. Hesabuni kumi kwa makini, mwone kumi wanachukua nafasi gani kwa jicho, halafu mkadirie kumi ngapi zimo katika kundi zima. Wakiruka kutoka mbele yenu kwenda nyuma msiwahesabu tena. Wakitoka nyuma kuja mbele, kumbukeni kwamba mmeshawaandika.

Mkitazama na msione kitu, andikeni sifuri. Ilikuwa vigumu kuwafundisha watu jambo hili, hata sisi wenyewe. Mtu aliyetembea saa mbili anaona aibu kuleta ukurasa wenye sifuri, na anatafuta walau yangeyange mmoja wa kuandika. Lakini sifuri ndiyo iliyotupa habari kubwa kuliko zote, kama mtakavyoona.

Majina yalituchukua muda mwingi, na ulikuwa muda wa furaha. Hatukuanza na vitabu vyenye majina ya Kifaransa. Kila mtu alitaja ndege kwa lugha ya kwao: Kifuliiru, Kivira, Kibembe, Kinyamulenge, Kiswahili. Tuligundua kwamba ndege mmoja alikuwa na majina matano na kwamba jina moja lilikuwa la ndege watatu. Mwandishi alichora mdomo, miguu na mkia, na kando yake akaandika majina yote. Furukombe hakuna aliyemkosea, kwa sababu ya sauti yake. Mnandi na mdiria walijulikana na wavuvi wote. Fundichuma alileta mjadala mrefu, kwa maana wengi wamefundishwa na wazee kutomgusa wala kubomoa kiota chake kile kikubwa, na tukaona kwamba wenyeji na watu wa milimani, ambao walikuwa hawakubaliani juu ya kitu chochote, wana woga mmoja kuhusu ndege huyu. Fisi maji hatukumwona hata mara moja. Tulijua yupo kwa kinyesi chake chenye maganda ya kaa juu ya mawe. Wazee waliokuwa wakikaa kimya kambini bila kazi waligeuka kuwa walimu.

Vyura wanasikika zaidi usiku, lakini sisi hatutoki usiku. Waliokaa karibu na maji waliombwa tu kukaa mlangoni pao saa moja jioni na kuandika ni sauti za namna ngapi wanazosikia kwa dakika tano. Watoto walilifanya zoezi hili vizuri kupita watu wazima.

Daftari lilisema nini

Baada ya miezi sita tulirudi kwenye baraza na kusoma daftari kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa. Ilichukua mchana mzima. Hatukueleza maana, tuliwaacha watu waulize.

Kwenye njia ya bustani zilizochomwa viota vya mnana vilikuwa sifuri, wiki baada ya wiki, na sauti za ndani ya matete pia sifuri. Wenyeji walinyamaza, maana ilikuwa ni njia yao. Lakini njia ya wakataji nayo ilikuwa na habari mbili tofauti. Mahali ambapo matete yalikatwa na kisiki kikaachwa juu ya maji, yaliota tena, na ndege wakarudi ndani yake. Mahali ambapo yalikatwa chini kabisa, maji ya ziwa yalipopanda yalifunika visiki, navyo vikaoza. Hapo palikuwa maji matupu, na mawimbi yalikuwa yameanza kula ukingo. Tete linapumua kwa kisiki chake: likikatwa chini ya maji linazama kama mtu. Akina mama hawakuwa wanajua hilo. Walikata chini ili tita liwe refu na bei iwe nzuri.

Tena daftari lilikuwa na jambo la tatu ambalo hakuna upande uliolisema mwanzoni. Katika safu ya "kazi za watu" makundi yote yaliandika mara nyingi vyandarua vya mbu vinavyovutwa kati ya matete, vikichukua samaki wadogo kabisa. Wanaovuta walikuwa vijana wa pande zote mbili, wakisaidiana.

Makubaliano yalikuwa ya kawaida. Ukanda uligawanywa sehemu tatu, na kila msimu sehemu moja tu inakatwa, juu ya maji, kisiki cha kimo cha kiganja kikiachwa. Kuchoma kulisimamishwa upande wa maji. Njia moja ya viboko iliachwa wazi ili waende kula bila kupita kwenye bustani. Vyandarua vilikatazwa, ingawa katazo hili mpaka sasa linavunjwa.

Hatutaki mdhani kwamba kila mtu alifurahi. Ile njia ya viboko ilipita katikati ya bustani ya mwenyeji mmoja, mtu mwenye familia kubwa. Kundi lilimlimia kipande kingine, wakimbizi na wenyeji pamoja, kwa siku nne. Udongo wake si mzuri kama ule wa kwanza, naye anajua, na sisi tunajua. Ukimsalimu anaitika kwa shingo upande. Tulipaswa kumwuliza kabla ya kuchora njia, si baada yake.

Habari zinaweza kuumiza

Viongozi, kumbukeni kwamba daftari kama hili linaweza kutumiwa vibaya. Mwezi wa nne mtu wa ofisi fulani alikuja kutuomba orodha ya wakimbizi wanaokata matete. Hatukuwa nayo. Tangu mwanzo tulikuwa tumekubaliana kwamba kitabu kinaandika kazi, hakiandiki majina ya watu: "wakataji sita", "mtumbwi mmoja", basi. Kama tungeandika majina, hesabu ya ndege ingekuwa njia ya kuwafukuza watu kambini, na mama yule wa siku ya kwanza angekuwa na sababu ya kutuona kuwa maadui.

Vilevile msitangaze mahali penye viota vya korongo-taji au ndege wengine wanaouzwa. Kwenye baraza tulisoma kwamba korongo-taji wapo; hatukusoma wapo wapi. Ukurasa huo unajulikana na watu wawili tu, mmoja wa kila upande.

Na ikiwa shirika litataka kuchukua nakala, ulizeni nakala inakwenda wapi, nani ataisoma, na kama itarudi kwenu. Kazi ni ya waliotembea.

Daftari linapokimbia

Swali la mwisho ni lile ambalo watu wa amani hawaulizi: nani atashika kitabu vita vikija? Sisi tulikuwa na nakala tatu zilizoandikwa kwa mkono. Moja ilikaa kwa mzee mvuvi, moja kwa mama mwandishi, moja katika shule. Mwaka 2025, vita vilipokaribia na maelfu ya watu wakavuka mpaka kwenda Burundi, nakala ya shule ilipotea. Ya mzee ilibaki, lakini ililowa. Mama alivuka na nakala yake ndani ya sufuria, chini ya unga.

Huko alikofika hakukuwa na ziwa karibu. Aliendelea hata hivyo kuandika tarehe kila wiki, na mbele ya tarehe maneno mawili: "hatukuhesabu, njiani." Tulipokutana tena tukataka kuziruka kurasa zile alikataa. Alisema anayesoma baadaye akikuta pengo atadhani ndege hawakuwepo, kumbe ni sisi ndio hatukuwepo. Basi nanyi fanyeni hivyo. Wiki msiyotoka iandikeni, na sababu yake, kwa kalamu ya risasi, kwa maana wino unafutika daftari likilowa.